Taa ya Upande wa Kushoto

Nyinyi vijana mna haraka ya ngazi. Nawaona hapa Muyeye kila siku: fundi hata hajaitikiwa hodi, tayari yuko juu, kichwa kimeingia darini na miguu ndiyo inayosalimiana na wenye nyumba. Mimi sikuachishwa kazi na tajiri yeyote, niliachishwa na magoti. Kwa hiyo nikiisema ngazi msidhani ni wivu. Ni wivu kidogo, lakini si wote.

Naitwa Karisa. Nimekuwa fundi wa umeme Malindi tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nilianzia mahoteli ya ufuoni, nikaja kwenye nyumba za mjini, nikamalizia vijijini stima ilipofika huko, mpaka Marafa. Juzi binti mmoja anayesomea kazi hii alinikuta barazani, akaniamkia kwa adabu zake zote, kisha akauliza, "Eti mzee, nyinyi mafundi wa zamani mwazichukia hizi taa za LED?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Nizichukie kwa lipi? Nyumba yangu nzima ni LED, hata chooni. Lakini swali lake limenikaa moyoni, na naona bora niwajibu nyote, maana kupenda kitu ni jambo moja na kujua pa kukiweka ni jambo jingine.

Kwanza mjue tulikotoka. Globu ya zamani ilikuwa jiko lililojifanya taa. Stima karibu yote iliishia kwenye joto, mwangaza ukawa kama ukoko uliobaki chunguni. Mahotelini tulizitundika chini ya makuti, na makuti yakishakauka kwa jua la Januari hayahitaji kubembelezwa yashike moto. Nilizoea kunusa kabla ya kutazama. Nikiingia ukumbini na kusikia harufu ya ukuti unaobabuka nilikuwa nazima kwanza na kuomba radhi baadaye, hata kama wageni wana uma mdomoni. Meneja mmoja aliwahi kunifokea mbele ya watu kwa kumzimia sherehe ya harusi. Nilimwonyesha ukuti uliokwisha kugeuka mweusi juu ya meza ya keki, akaniletea kipande cha keki yenyewe. Zilipokuja LED nilianza kulala usingizi mzito. Hilo tu latosha kunifanya nizipende mpaka nife.

Haya, lakini kitu kizuri nacho kina mahali pake. Mwulizeni Kadzo wa Sabaki. Mama huyu alikuwa akilea vifaranga ndani ya boksi, juu yake ametundika globu moja ya kizamani. Mumewe akarudi kutoka mjini na mfuko wa LED, akabadilisha taa zote za nyumba kwa moyo safi kabisa, na alipofika kwenye boksi akabadilisha na hiyo. Asubuhi Kadzo akanipigia simu. "Karisa, njoo uwatazame vifaranga wangu. Wanaona vizuri sana, lakini wanatetemeka." Nilikuta amewahamishia jikoni karibu na mafiga, na mumewe amekaa nje akijifanya anafunga kamba ya mbuzi. Kifaranga hana haja ya mwangaza ule, ana haja ya mama, na joto la globu ndilo lililokuwa mama. Tukairudisha ya zamani. Mpaka leo nikipita Sabaki yule bwana huniuliza kama nimekuja kumbadilishia kuku.

Na kwa kuwa nimeshaanza, shikeni na haya. LED haipendi kufungiwa ndani ya bakuli la kioo lisilopumua. Uso wake ni baridi lakini shingo ina joto, na ukiibana shingo itakufa mapema, kisha mtu aseme umemuuzia takataka. Ikipepesa, msikimbilie kuitupa. Hewa yetu ya chumvi hula vibati vya holda inayoshika taa, na mara nyingi taa ni nzima ila holda ndiyo iliyokwisha. Zimeni swichi kuu, hakikisheni kwa testa, kisha ndiyo mtie kidole. Msiniamini mimi wala msimwamini mwenye nyumba anayesema "nimeshazima", iaminini testa. Na tazameni mjusi kafiri. Zamani alipenda kulala nyuma ya globu apate joto, siku hizi huja kwa ajili ya wadudu tu, na huacha uchafu wake kwenye waya.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kanji, Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Alikuwa mfupi, mkali, na mkoba wake ulikuwa mzito kuliko mimi. Alikuwa na desturi moja iliyonichosha sana. Kila nyumba tuliyoingia, awe mwenyewe ni nani, kabla hajafungua mkoba aliomba maji ya kunywa. Atapewa kiti, atakaa, atakunywa taratibu kama anayekunywa dawa, na mimi nimesimama mlangoni na ngazi begani. Nilidhani ana kisukari. Nikamwonea huruma kwa miezi mingi, mpaka siku moja nikamwuliza kama amekwenda hospitali.

Alinitazama kama mtu aliyeona waya uliofungwa ovyo. "Karisa, ukiomba maji watakupa pa kukaa. Watakukalisha palepale wanapokaa wao. Basi kunywa polepole, utazame mwangaza waanguka wapi. Taa si ya chumba. Taa ni ya mtu na kazi yake."

Yeye mwenyewe alijifunza kwa makosa, wala hakuona haya kuyasimulia. Ujanani aliweka taa nzuri katika jiko la mama mmoja, katikati ya dari, imepimwa kwa futi. Mama akawa kila akikaa juu ya mbuzi akune nazi, taa iko nyuma yake, na kivuli chake mwenyewe kinaingia katika sahani. Mzee Kanji alipita kusalimia tu, akapewa maji, akaona mama anakuna nazi gizani chini ya taa kubwa. Alirudi siku hiyohiyo akaihamisha bila kuambiwa. Nilimpenda sana mzee yule, ingawa hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alipokufa duka likachukuliwa na watu wa simu, na mimi bado nikipita pale huangalia juu ya mlango kuona kama wameihifadhi ile swichi aliyoifunga kwa mkono wake. Wameing'oa.

Sasa niwaambie habari ya Bi Mwanaisha, maana ndiyo jibu lenyewe la lile swali.

Bi Mwanaisha anakaa Shela, hapa Malindi mjini, katika nyumba ya mawe ya kizamani yenye kuta nene na vyumba vya ndani ambavyo jua halivijui. Kazi yake maisha yote ni kudarizi kofia. Si hizi za mashine. Zake ni za mkono, kitambaa cheupe na uzi mweupe, zimejaa matobo madogo madogo yaliyozungushiwa uzi mpaka yakawa maua. Kofia moja humchukua miezi. Na katika nyumba ile kuna jambo ambalo halijavunjwa: kila mwanamume wao aliingia katika nikaha yake amevaa kofia ya mkono wa Bi Mwanaisha. Mumewe alivaa, ndugu zake walivaa, mwanawe Swaleh alivaa. Ilikuwa imefika zamu ya mjukuu, Feisal, mtoto wa Swaleh, ambaye nikaha yake ilipangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Ramadhani yenyewe ilikuwa imeshakaribia.

Mimi nilikuwa nimestaafu, ngazi nimeshaigawa. Swaleh akanipigia simu. Nilimjua tangu anakwenda chuoni na juzuu kwapani, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mzee Karisa, nakuomba uje umwongezee mama taa chumbani. Kubwa kuliko iliyopo. Macho yanamwisha."

Nilikwenda na mkoba wangu wa mwisho, ule mwepesi. Kufika, nyumba nzima inang'aa. Swaleh alikuwa amebadilisha taa zote za mama yake, kila chumba, amechagua nyeupe zenye nguvu, na chumbani kwa mama amemwekea paneli bapa ya dari inayomwaga mwangaza hadi pembeni. Alinizungusha akinionyesha moja moja. Na nawaambia kweli, kazi ilikuwa safi, na mapenzi yalikuwa yanaonekana kwa macho. Mama yake sasa anaweza kuziacha taa zikiwaka usiku mzima anapoamka kusali, wala hahesabu tokeni za stima. Watoto wangapi humfikiria mama hivyo?

Bi Mwanaisha alikuwa ameketi chumbani, kwenye kiti chake kifupi kando ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, mikono mitupu. Jambo hilo lilinishtua kuliko yote. Sikuwahi kumwona mikono mitupu.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, Karisa wa Kanji. Hata we wakuita? Basi kazi hii imekuwa msiba."

"Nimekuja kutazama taa tu."

"Taa haina makosa. Taa ni nzuri, yang'aa kama mchana. Makosa ni yangu." Akanionyesha kofia iliyokuwa mapajani, imefika nusu. "Zamani nalikiona kila kituo cha uzi, chainuka, chaniambia mimi hapa. Sasa kitambaa chote kimekuwa uji mmoja. Nikitia sindano siijui imetokea wapi. Kichwa chaniuma mpaka kisogoni."

"Daktari wa macho amempima," akasema Swaleh taratibu. "Amesema miwani yake ingali sawa."

"Daktari ana adabu tu," akasema mama. "Mtu mzima haambiwi umekwisha." Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba Ijumaa Bi Salima jirani atakuja kuichukua kofia aimalizie. Bi Salima ana mkono mzuri. Na akija, atapewa na kikapu chote, sindano na nyuzi, visije vikashika kutu.

Swaleh akatoka nje ya chumba. Mimi nilibaki pale nikiona uchungu ambao sikuutegemea. Mimi najua ilivyo siku unapotoa vyombo vyako kwa mtu mwingine. Unasema maneno ya kawaida, unamwelekeza hiki kinashikwaje, na moyoni unahisi kama umemkabidhi mkono wako. Sikutaka Bi Mwanaisha afike Ijumaa ile. Lakini sikujua bado nitamzuia kwa nini, maana mtu wa umri wake macho huweza kwisha kweli, na fundi wa taa hawezi kufunga waya kwenye jicho.

Nikaomba maji ya kunywa.

Bi Mwanaisha akainuka mwenyewe kwenda kuniletea, akanikalisha kwenye kiti chake kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Aliporudi na gilasi, adhana ya alasiri ikaanza, akanipa maji akaenda kutia udhu. Swaleh akarudi akanikuta nimekaa pale na kunywa polepole. Nikamwomba anipe ile kofia. Nikaishika alivyokuwa akiishika mama yake, karibu na kifua, nikaitazama. Alikuwa amesema kweli. Miwani yangu si mibovu na mimi pia niliona uji.

Nikanyanyua kidole juu ya kitambaa, nikakipeleka huku na huku. Hakikuleta kivuli. Ile paneli ilikuwa pana, mwangaza ukishuka kutoka kila upande wa dari, hakuna pembe iliyobaki nyuma. Ni sifa nzuri kwa sebule na kwa mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Lakini fikirini, wanangu: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe utauonaje? Rangi haikusaidii. Unauona kwa kivuli chake, kile kidogo kabisa kinacholala upande mmoja wa kila kituo. Ukikifuta hicho, umemfuta na mshonaji.

"Zima hiyo ya dari," nikamwambia Swaleh. Chumba kikawa giza la nyumba za mawe. Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikaishusha upande wangu wa kushoto, chini, karibu na bega, ili mwangaza upite juu ya kitambaa kwa ubavu. Maua yote yakainuka. Kila tobo likapata ukingo, kila uzi ukasimama peke yake.

Swaleh aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Hapa palikuwa na taa," akasema. "Taa ya ukutani, pale kando ya kidaka. Alikuwa nayo tangu mimi mdogo, globu ya manjano, joto lake likimtoa jasho. Niliwaambia mafundi waiondoe, mama asiteseke." Akaipapasa chokaa ya ukuta. "Mzee Karisa, mimi ndiye niliyemnyang'anya macho."

Nilimkatiza. Nilimwambia asijipe kazi ya Mungu. Taa alizoleta ni nzuri na zitabaki, hata hii paneli itabaki, mama aiwashe akitafuta vitu au akipokea wageni. Kilichokosekana ni kumwuliza mama hukaa wapi na hufanya nini, na hilo wengi hatuulizi, hasa kwa mtu tunayempenda, maana twadhani tumeshamjua. Nikaona amefarijika kidogo, si sana. Alikuwa mtoto mwema na watoto wema hawafarijiki haraka.

Ile pointi ya zamani ya ukutani haikung'olewa, ilifunikwa tu na kibati na kupakwa chokaa. Tukazima swichi kuu. Nikafungua, nikapima waya kwa testa, nikakwangua kutu, nikafunga holda mpya niliyokuwa nayo mkobani. Kazi yote chini ya urefu wa bega, kazi ya heshima kwa mtu mwenye magoti yangu. Ikabaki globu. Nyeupe zote za Swaleh zilikuwa kali mno kuwekwa karibu na shavu la mtu. Nikamwuliza kama hana LED ya rangi ya manjano. Akafikiri, akaona haya, akasema ipo moja, alipewa dukani kwa makosa, akaifungia stoo ya mkaa kwa kuwa aliona inafanana na za kizamani. Tukaitoa kwenye mkaa, nikaifuta kwa shati langu.

Na hapa ndipo napowajibu wenye swali. Ile globu ya zamani ilikuwa upande ulio sawa, lakini ilikuwa mbali, kwa sababu ukiikaribia inakuchoma. Hii ya LED haichomi. Nikaifunika kwa kibati cha kuzuia isimpige machoni, nikaishusha kwa kipande cha waya mpaka karibu kabisa na mahali pa bega la kushoto la Bi Mwanaisha, kwa kuwa yeye hushona kwa mkono wa kulia, na mkono usije ukajizibia mwenyewe. Alikuwa hajawahi kupata mwangaza wa karibu namna ile katika maisha yake yote. Taa ya zamani isingeweza kumpa.

Bi Mwanaisha alirudi kutoka kusali akatukuta tumesimama kama watu waliovunja kikombe. Paneli imezimwa. Kona yake tu ndiyo inayowaka, manjano, kando ya kidaka.

"Mumenirudishia taa yangu," akasema.

"Si ile, mama," Swaleh akamwambia. "Hii haina joto. Kaa uone."

Akakaa. Hakuigusa kofia kwanza. Akatia mkono wake mbele ya taa, akaona kivuli cha vidole kwenye leso yake, akaugeuza. Kisha akaichukua kofia, akaisogeza, akaishusha, akatafuta pale panapomfaa. Alipopapata akatulia. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi bila sababu yoyote. Nilitamani aseme neno, na niliogopa atasema nini.

Akapitisha ukucha juu ya kazi aliyoifanya wiki zile za mwisho. Uso ukamkunjamana.

"Nani aliyeshona hapa?"

Swaleh akanitazama. "Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akaisogeza karibu zaidi. "Haya matobo yamepinda. Hili nalo limekosa uzi mmoja. Yarabi, na mtu alikuwa ende nayo msikitini kichwani." Akanyoosha mkono kwenye kikapu bila kutazama, akatoa sindano, akaipenyeza chini ya uzi, akavuta. Kituo kikafumuka. Akafuata cha pili.

"Mama, Ramadhani hiyo yaingia," akasema Swaleh. "Na Bi Salima umemwambia Ijumaa."

"Salima aje, tutakunywa kahawa." Hakuinua kichwa. Vidole vilikuwa vinakwenda mbio, vinafumua safu nzima, na pamba ya uzi inamwangukia magotini. "Yeye hanishikii kofia ya Feisal na mimi ni mzima."

Swaleh alikuwa amejisogeza karibu bila kujua, amemwinamia mama yake, machozi yanamshuka wala hayafuti. Na mimi, sioni haya kuwaambia, niligeukia kidaka nikajifanya nakaza skrubu.

"Swaleh," akasema Bi Mwanaisha.

"Labeka, mama."

"Wanizibia taa, mwanangu. Sogea."

Swaleh akasogea.